Waya wa Kinu cha Tatu

Asubuhi ile mke wangu alikunywa chai amesimama, kama kawaida yake. Nikamwambia akae. Akasema akikaa magoti yatagoma kuinuka. Alivaa ovaroli, akajifunga kitambaa kichwani, akanigusa shavu kwa mgongo wa mkono. Ndivyo alivyogusa kila kitu, mlango, birika, hata wajukuu. Fundi wa umeme hakishiki kitu kwa kiganja kabla hajakijua. Umeme ukikukuta kwa kiganja, vidole vinafumba, huwezi kuachia. Ukikukuta kwa mgongo wa mkono, mkono unaruka wenyewe.

“Leo namalizia kinu cha tatu,” akasema.

“Na chai ya jioni?”

“Chemsha wewe. Mikono unayo.”

Akatoka. Kiwanda cha unga kiko nyuma ya ukuta wetu. Nyumba ni ya kiwanda, umeme wake wa kiwanda, maji yake ya kiwanda. Vinu vikisaga, vikombe vyetu hucheza kabatini.

Kinu cha tatu hakukifikia. Moyo ulisimama akiwa amekaa kwenye benchi la karakana, anangoja funguo. Watu wakasema umeme umemla. Si kweli. Umeme haukuwahi kumpata.

Alifanya kazi ya nyaya zote, ila uliomkosesha usingizi ni waya wa ardhi, ule wa kijani wenye mstari wa njano. Wenzake wakamwita Mama Ardhi. Wakimwona na futi yake wanaanza.

“Mama Ardhi, leo unampimia nani kaburi?”

“Wewe. Simama wima nisikosee.”

Mimi nilikuwa mbeba magunia pale, nikacheka nao. Nyumbani nikamwuliza, waya huo una kazi gani? Akaniambia nyaya za moto, zinazoleta umeme, zinafanya kazi kila siku, huu unangoja tu. Siku umeme ukitoroka ndani ya mashine, unakimbilia hapo wote kwa mpigo, uende ardhini, mpaka fyuzi ikate. Waya ukiwa mwembamba utaungua kabla ya fyuzi. Kwa hiyo unaupima kwa wenzake. Waya wa moto ukiwa mwembamba, wa ardhi uwe sawa nao. Ukiwa mnene kama kidole gumba, wa ardhi uwe angalau nusu yake. Na fyuzi ikiwa nzito kukata, unaongeza unene.

Vinu vyote vitatu viliwekwa mota mpya, kubwa, na nyaya nene za moto. Nyaya za ardhi zikabaki za zamani. Alishabadilisha mbili.

Tulipomaliza kuzika, vinu vikawashwa. Fundi aliyebaki, wanamwita Kijiko, alisema atabadilisha ule wa tatu akitulia. Naye alikuwa na msiba. Mke wangu ndiye aliyemfundisha kazi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akabaki nami anipikie.

Asubuhi moja nilikwenda uani kunawa. Tuna bomba moja la chuma, chini yake saruji haikauki. Nilikuwa pekupeku. Nikashika koki, kitu kikapita juu ya ngozi yangu, kama mtu anayeburuza ukucha taratibu. Nikatoa mkono. Nikageuza mgongo wa mkono, nikagusa tena. Kikaja tena.

Nikamwita shemeji ajaze ndoo. Akafungua koki, akajaza, akaondoka. Hakusikia chochote.

Basi nikaona ni mguso wa mke wangu, wangu peke yangu.

Kila asubuhi nikawa naenda. Nasogeza mkono, nasema, “Nimeamka.” Kinapita kwenye ngozi. Jumapili, vinu vikilala, hakiji. Nilijua maana yake. Nimeishi na yule mwanamke miaka mingi, siwezi kusema sikujua. Lakini mtu anaweza kujua kitu na asikitazame.

“Shemeji, unaongea na nani huko nje?”

“Na maji.”

“Yanajibu?”

“Leo yamejibu.”

“Mwambie dada yangu chumvi imekwisha,” akasema, akarudi jikoni. Alidhani natania. Kisha nikamsikia ameacha kuosha vyombo.

Kikawa kinaongezeka nguvu. Mwanzo kwenye vidole, halafu kiwiko, halafu nakisikia kwenye meno. Juu ya maji ya ndoo kulikuwa na mikunjo midogo isiyotulia. Siku moja mgongo wa mkono haukunitosha. Nilitaka kushika. Nikafungua kiganja.

Vidole vikafumba. Nikataka kupumua, pumzi haikuja. Nadhani ni miguu iliyoteleza ndiyo iliyoniachisha. Nikajikuta chini, bega limechubuka.

“Umepigana na nani?” shemeji akauliza.

“Nimeteleza.”

“Mzee mzima. Vaa ndala basi, kama mimi.”

Nikasikia neno ndala. Mpira. Ndiyo maana yeye haguswi. Bado sikusema. Ningesema wangekuja kuuondoa, na mimi nilikuwa nimeshamzika mara moja.

Kesho yake shemeji alitoka kwenye matope. Akaenda bombani, akavua ndala azisugue. Mguu mmoja mtupu ukakanyaga saruji iliyolowa. Akanyoosha mkono kwenye koki. Anainamisha kichwa kama dada yake.

“Usiguse.”

“Kuna nini?”

“Rudi nyuma. Acha ndala. Rudi.”

Akaniangalia uso, akarudi. Nikamwambia yote. Hakunicheka.

“Shemeji,” akasema, “dada angekuchapa.”

“Najua.”

Nikaenda mwenyewe kwa Kijiko. Alizima vinu vyote, akavuta waya wa ardhi wa kinu cha tatu kutoka kwenye bomba linalopitisha nyaya. Ulitoka vipande, mweusi, mwepesi. Mota ilikuwa inavujisha umeme, waya ukaungua kabla ya fyuzi. Hakuna aliyejua. Waya wa moto ukikatika mashine inasimama, lakini wa ardhi ukikatika kinu kinaendelea kusaga kama kawaida. Wafanyakazi wa kinuni wanavaa mabuti ya mpira. Bomba letu la maji limefungwa kwenye waya huohuo, upande wa kinu, kwa hiyo umeme ulipokosa njia ya ardhini ukawa unangoja mtu uani kwangu.

Kijiko alikaa chini akashika kichwa. Kisha akainuka, akapima, akaweka waya mnene.

Asubuhi iliyofuata vinu vilikuwa vinasaga, vikombe vinacheza. Nikaenda uani pekupeku. Nikasema nimeamka. Nikashika koki kwa kiganja kizima, nikangoja.

Chuma tu, baridi.

Nikakaa hapo mpaka shemeji akaja kuniita. Zamani niliwahi kumwuliza mke wangu, waya ukishafukiwa ukutani haonekani mtu wala kazi, nani atajua kama uliufunga wewe? Akanijibu bila kuinua kichwa:

“Ukishika ukasikia baridi tu, ujue nilipita hapo.”