Kiswahili Kilipobisha Hodi
Nilikuwa namenya matoke, nikimsubiri kitinda mimba wangu aliyechelewa kutoka shule, mlango ulipogongwa na sauti ikaita kwa Kiswahili. Mama mkwe akatia komeo, akaweka kidole mdomoni tunyamaze. Enzi zake, Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi; kilikuja mlangoni na bunduki.

"Jajja, ni yule mama Mkongo anayeuza vitenge," binti yangu mkubwa, anayekisoma shuleni, akamwambia bibi yake. "Anasema mdogo wetu alipotea njia, amemleta."

Muhula mzima mama mkwe amemsihi binti huyu aache somo la Kiswahili, asome kitu cha maana. Sikuwa na nguvu za kumkumbusha hilo. Nilifungua, mikono imejaa utomvu. Mtoto aliingia akiulizia chakula.

Matoke yalipopakuliwa tulikuwa wote, tena na mgeni. Mama mkwe alimsogezea sahani.

"Mwambie ale," alimwagiza binti. "Na siku nyingine agonge polepole."