Orodha ya Wasiojibu Simu

Mume wangu, Phares Obonyo, ni mtu wa simu. Si kuuza, ni kupiga. Kwa miaka kumi na mitatu ameketi kwenye ofisi moja pale uwanja wa ndege akipanga ni rubani gani ataruka na ndege gani, siku gani. Mpango ukiharibika, pengine rubani mmoja ameshikwa na homa, yeye ndiye humtafuta mwingine aliye mapumzikoni na kumwomba aje. Na Phares huwezi kumnyima kitu. Atakuuliza mtoto alifanyaje mtihani, goti la mama linaendeleaje, halafu mwisho kabisa, kana kwamba amekumbuka tu, anakuambia kuna safari ya Lusaka saa nane. Hapa mtaani kwetu Komarock kuna jirani aliyedhani ni mchungaji, kwa vile alivyokuwa akibembeleza watu kwenye roshani Jumapili asubuhi.

Halafu yakaja mazungumzo ya mkataba. Jameni, mazungumzo! Chama cha marubani na shirika la ndege walianza kukaa mezani binti yetu Eve akiwa kidato cha pili. Alipoingia cha nne walikuwa bado wanabishana juu ya ukurasa wa saa za kupumzika. Watu wazima, wamevaa tai, wanakunywa chai ya hoteli, wanaahirisha mpaka mwezi ujao.

Chama kilipochoka kungoja kikawaambia wanachama wake jambo dogo tu: siku yako ya mapumziko, usishike simu ya ofisi. Huo haukuwa mgomo, wala hakuna sheria iliyovunjwa. Mkataba wa zamani unasema siku hiyo ni yako. Kumbe shirika lilikuwa likiishi kwa hizo siku za watu! Haikuisha wiki, ndege zikaanza kukaa chini kwa kukosa wa kuzirusha, na Phares wangu akawa anapiga simu hadi sikio linamuuma, na hakuna anayeshika.

Ndipo wakubwa wake wakamletea fomu. Kila rubani aliyempigia aandike jina lake na tarehe, kisha aweke alama: alijibu, au hakujibu. Phares ana mwandiko mzuri, ule wa kufundishwa na masista, na alijaza kurasa na kurasa. Mimi si mtu wa kunyamaza. Nilimwambia, Baba Eve, hawa watu wamekulisha ugali kwao, wamekuja kwenye matanga ya baba yako mpaka Siaya, leo unawaandika kama watoto wa shule wanaopiga kelele? Akaniambia yeye ni karani tu, anaandika kilichotokea. Niliudhika siku mbili. Siku ya tatu nikaacha, na nitasema kwa nini niliacha, hata kama ni aibu. Mkubwa aliyeleta fomu ndiye huyo huyo anayetia sahihi tikiti za familia za wafanyakazi. Na sisi tulihitaji tikiti.

Eve ana vali ya moyo isiyofunga vizuri. Tunakaa orofa ya tatu, na mwaka huu alikuwa akipanda ngazi huku akikaa chini kila kona, mtoto wa miaka kumi na saba, akijifanya anasoma kitu kwenye simu ili majirani wasimwonee huruma. Hospitali moja ya hisani kule Mumbai ilikubali kumpasua. Walimpa siku: Ijumaa. Asipofika Ijumaa, anarudi mwisho wa foleni, na foleni ni mwaka mzima. Daktari wake wa hapa alinitazama machoni akaniambia mwaka mzima hana.

Sasa, tikiti ya mfanyakazi si tikiti kama ya watu. Unapewa kiti kama kimebaki, basi. Ndege ikijaa unaambiwa pole, jaribu kesho. Na ile ya Mumbai hujaa. Nilikuwa sipati usingizi kwa kuwaza hivyo viti, mpaka wiki hiyo chama kilipotoa notisi ya mgomo. Abiria wakaogopa, wakakimbilia mashirika mengine. Phares alirudi nyumbani Jumatatu akaniambia ndege ya Alhamisi ina viti arobaini na kimoja vitupu.

Hapo ndipo nilipoanza kumwomba Mungu mambo ya ajabu. Wakigoma, ndege hairuki. Wakipatana, abiria wanarudi na ndege inajaa. Mimi nilitaka wasigome wala wasipatane mpaka Alhamisi saa tisa alasiri. Waendelee tu kuahirisha, si walikuwa mabingwa wa kuahirisha? Jumanne kwenye kikundi chetu cha maombi, Kezia, kiongozi wetu, akaomba kwa machozi kwamba Bwana aguse mioyo ya pande zote mbili wapatane upesi, kwa sababu mume wake hupakia mizigo pale uwanjani. Wote wakasema amina. Mimi nikauma midomo. Haki ya Mungu, niliuma midomo.

Jumatano kwenye taarifa ya saa moja jioni wakaonyeshwa wanapeana mikono. Mkataba umetiwa sahihi. Miaka miwili watu wanavutana, wakaona wamalizie siku hiyo! Chini uani kwenye ploti yetu watu walipiga makofi, na Kezia akanipigia simu akiimba. Nilikata. Phares alikuwa amekaa na kompyuta ya kazini mapajani, akihesabu viti. Viti arobaini na kimoja vikawa ishirini na sita kabla sijapakua chakula. Tulipoamka vilikuwa vitatu. Tulipofika uwanjani Alhamisi, kilikuwa kimebaki kimoja.

Msichana wa kaunta alikuwa mpole, sitamsingizia. Alisema kiti hicho anaweza kumpa Eve, ila mgonjwa wa moyo haruhusiwi kupanda bila msindikizaji. Wawili au hakuna. Eve alikuwa ameketi juu ya sanduku, mkono kifuani, akinitazama.

Kulikuwa na njia moja. Kwenye chumba cha marubani kuna kiti cha ziada, nyuma ya kile cha rubani mkuu. Mfanyakazi wa shirika anaweza kukikalia, mradi rubani mkuu wa safari akubali, na akikataa hakuna mkubwa yeyote wa kumlazimisha. Mimi ndimi niliyekuwa nisafiri na mtoto, nguo zangu ndizo zilizokuwa sandukuni, lakini mimi si mfanyakazi. Angekwenda Phares, na viza alikuwa nayo, tulikuwa tumeichukua sote wawili kwa tahadhari. Nikamwambia, basi nenda ukaombe, unangoja nini? Hakusogea. Yeye ndiye aliyepanga zamu za siku hiyo, alijua ni nani anayeruka.

Alikuwa Kapteni Muoki. Kwenye ile orodha jina lake lilikuwa limeandikwa mara kumi na tisa.

Tukamkuta kwenye mlango wa wafanyakazi, hatua chache kutoka kaunta, na mkoba wake. Phares aliniambia nibaki nyuma na sikubaki. Alimwamkia, akaeleza habari za mtoto, akaomba kiti. Sauti yake, ile ya kubembeleza, haikuwapo. Muoki akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba yeye alikuwa upande wa chama kwenye yale mazungumzo, na kwamba siku moja shirika lilizitoa zile fomu na kuzitandaza mezani kuonyesha marubani walivyo wakaidi. Mwandiko aliutambua mara moja.

"Tarehe kumi na nne Machi, Phares. Uliandika nini?"

"Hakujibu."

"Nilikuwa wapi?"

Niliomba aseme hajui. Angesema tu hajui.

"Ulikuwa kwenu Masii," Phares akasema. "Ulikuwa unamzika mama. Uliniambia mwenyewe juma lililotangulia."

"Na bado ukaandika."

"Fomu ilikuwa na nafasi mbili tu, Kapteni."

Nilitamani nimzabe kofi mume wangu hapo hapo mbele ya watu. Nafasi mbili tu! Mtu anazika mama yake, na wewe unamtafutia nafasi kwenye fomu. Lakini na mimi nilikuwa nimekula kwa ile orodha, nilijua ilikuwa inalinda tikiti ya nani, na niliona kwamba huyu mwanamume akisema hapana atakuwa na haki yake, na mwanangu atakufa kwa haki ya mtu mwingine.

Muoki alimtazama Eve pale kwenye sanduku. Akaitazama saa. Akamwita msichana wa kaunta, akachukua karatasi, akaiweka juu ya mkoba wake na kutia sahihi.

"Vaa kitambulisho," akamwambia Phares. "Tunafunga mlango baada ya dakika ishirini." Akaingia ndani bila kumpa mkono.

Nikalifungua sanduku pale sakafuni, watu wakipita, nikatoa gauni langu la kulalia na khanga zangu mbili na zile slipa mpya. Phares aliondoka na shati alilovaa. Eve akaninong'oneza, Mum, usilie, watu wanaona. Nikamwambia waone. Nilimshika mpaka msichana wa kaunta akanigusa bega, kisha nikabaki na nguo mikononi kama mtu aliyefukuzwa kwake.

Ijumaa saa mbili asubuhi Phares akapiga. Wamefika, Eve ameshalazwa, ameshatolewa damu, madaktari ni watu wazuri, wanaanza saa sita. Nilishukuru, nikalia, nikauliza kama amekula, kama kuna blanketi. Alikuwa akinijibu kwa neno moja moja. Mwishowe nikamuuliza kama Muoki alimsemesha njiani.

"Hakunisemesha," akasema. "Mimi nilipandishwa mwisho, sikuwa nimehesabiwa chakula. Wakaleta cha kwake. Akakigawa nusu, akanipa kwa mkono bila kugeuka." Akavuta pumzi. "Teresiah, sikuweza kumeza."