Msumeno Usiolia

"Nileteeni misumeno mia, nifungeni macho kwa kitambaa, nitawaambia kwa sikio tu upi mzima na upi maiti!"

Lukasi aliyatamka hayo nje ya kanisa, Jumapili, watu ndio kwanza wanatoka misa na wakwe zake wamejaa uwanjani. Mdomo ule! Angeutumia kutafunia mihogo tu, mengi yasingemfika.

Hakuwa mwongo, lakini. Miaka minne alifanya kazi katika karakana ya mapadri, mbele ya msumeno wa duara uliozungushwa kwa maji ya kijito, na akatoka na vidole vyake vyote kumi. Shida ni kwamba ujuzi wake ulikuwa ugenini. Mwanamume wa Uluguru akioa akahamia kwa mkewe, ni mgeni asiyekwisha: shamba ni la ukoo wa mke, mtoto ni wa ukoo wa mke, na neno la mwisho ni la mjomba wa mke. Mjomba huyo ni Agustino, mzee wa tumbo mbele na fimbo mkononi, ambaye hajawahi kukosea tangu azaliwe, kwa ushahidi wake mwenyewe.

Chui alikuwa amekwisha kula mbuzi wawili pale mlimani. Asubuhi moja Paskalia, mkewe Lukasi, akakuta mikwaruzo ya kucha kwenye mlango wao wa mabua. Nyuma ya mabua hayo hulala mtoto wa miezi miwili.

"Mlango wa mbao kabla ya masika," Agustino akasema. "La sivyo, mkwe, rudi kwa mama yako. Mtoto anabaki."

Basi ukoo ukauza mahindi ununuliwe msumeno wa kupasulia mbao, Lukasi akateremka Morogoro kwa Salum, mwenye duka karibu na stesheni. Ukutani ilining'inia misumeno miwili ya duara. Mmoja mkubwa, unang'aa. Mwingine mdogo, una rangi ya chai. Lukasi akauning'iniza mkubwa kidoleni kwa tundu la katikati, akaugonga kwa mpini wa nyundo. Du. Akaugonga mdogo. Ngiiiii, mpaka paka wa Salum akaamka.

"Unanunua au unapiga ngoma?" Salum akauliza.

"Nawajulia hali. Huyu mkubwa ana ufa, Bwana Salum."

"Ufa uko wapi? Mimi siuoni."

"Hata mimi siuoni. Nausikia."

Akanunua mdogo, rupia tano, akapanda nao mlima kutwa nzima, anaupigapiga njiani apate kuusikia.

Agustino akautazama kama mtu aliyeletewa nusu ya ugali. "Huu ni msumeno au kifuniko cha chungu? Ukoo wangu uchekwe mpaka Matombo?"

Lukasi akakaza meno. Mkwe hambishii mjomba usoni. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa kati, na mtu wao wa kati, Andrea, alikuwa amekwenda kwenye kazi za reli. Kesho yake Agustino akaubeba msumeno mdogo, akateremka mwenyewe, akaongeza fedha, akarudi na mkubwa unaong'aa.

"Mwambie mjomba wako!" Lukasi akamfokea mkewe, kana kwamba kosa ni lake.

"Nimemwambia. Anasema una masikio ya popo."

Wiki ile Lukasi hakula vizuri. Alichonga gurudumu la maji, akafunga mkanda wa ngozi ya ng'ombe, akaunda meza ya mvule, na kila pigo la patasi alimpiga Agustino. Miaka mitatu ya "ndiyo mjomba" ilikuwa imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Siku ya kazi, mlima mzima ukaja kutazama. Lukasi akaugonga msumeno mbele ya wote. Du. Akauweka chini, akaketi juu ya gogo, mikono kifuani.

"Daktari wa vyuma!" mtu akapiga kelele. "Mgonjwa anasemaje?" Wakacheka.

Agustino akawaita wapwa zake wawili, wakaufunga wao mezani. Akayafungulia maji kwa mkono wake. Gurudumu likazunguka, msumeno ukaanza kuvuma kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Mzee akashika ubao, akasimama nyuma ya msumeno sawasawa, tumbo likiwa kwenye mstari wake, mahali ambapo kule karakana ya mapadri hata mbwa alifukuzwa asipite.

"Hapana!" Lukasi akapaza sauti. Hakungoja jibu. Akaruka, akamsukuma mzee ubavuni, wote wawili matopeni. Msumeno ukapasuka. Kipande chake kikapita pale palipokuwa na tumbo, kikazama ndani ya shina la mfenesi.

Gurudumu likaendelea kuzunguka tupu.

Agustino akainuka, akajifuta tope shavuni, akawageukia watu. "Mmeona? Mkwe amenisukuma. Atatoa mbuzi."

Asante hakuna. Pole hakuna. Mbuzi!

"Nitatoa," Lukasi akasema, na sauti yake ikawatetemesha kuku. "Chui akinibakishia. Lakini msumeno nitachagua mimi, mjomba. Na mtoto wangu simwachi."

Wanawake wakaziba midomo. Paskalia akasogea, mtoto mgongoni, akafungua fundo la kanga yake, akampa mumewe fedha zilizokuwamo. "Mjomba," akasema, "ukitaka kumfukuza huyu, uje ulale wewe nyuma ya mabua."

Agustino akaomba maji ya kunawa.

Lukasi akateremka siku hiyohiyo, tope halijamkauka. Msumeno mdogo ulikuwa kwenye msumari uleule. Akauning'iniza kidoleni, akaugonga. Ngiiiii. Kisha akakibwaga mezani kipande alichokichomoa kwenye mfenesi.

Salum akakigeuza upande huu, upande ule. "Basi ufa ulikuwepo."

"Ulikuwepo. Nipe huu mdogo. Tano."

"Umepanda bei."

"Umepandaje? Ni uleule!"

"Wakati ule ni wewe tu uliyejua kuwa ni mzima."

Msumeno mdogo ulikuwa rupia saba.