Posta ya Bulengera na Posta ya Bungulu

Kwetu Wanande mtoto hachaguliwi jina. Jina linamngoja kabla hajazaliwa. Mvulana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, na wasichana vivyo hivyo. Ukisimama katika soko la Butembo ukaita jina la mvulana wa kwanza, watageuka wanaume wa kujaza lori. Ndiyo maana hapa sitaji jina la mtu. Hata nikilitaja, nitakuwa sijamtaja yeyote.

Miaka ile ya vita nilifanya kazi katika duka la intaneti huko Bulengera, mtaa wa Butembo. Tajiri wetu alikuwa na maduka mawili: hilo letu, na jingine Bungulu, kule Beni. Kila duka lilikuwa na kompyuta ya kupokea barua, na fundi aliyezifunga aliziita zote mbili "posta". Nilimuuliza kama ameishiwa majina. Alicheka, akanieleza kwamba posta ni jina la nyumbani tu. Jina kamili linaanzia kwenye kompyuta yenyewe na kupanda juu: posta, nukta, beni, nukta, jina la duka, nukta, com. Mwishoni kabisa kuna nukta nyingine ambayo watu hawaiandiki, na maana yake ni kwamba ukoo umeishia hapo, juu hakuna mwingine. Ukiandika posta peke yake, kompyuta haikuulizi ni ipi. Inachukua iliyo jirani. Ukitaka barua ifike mbali, au ukitaka mtu wa mbali akupate wewe na si mwenzako, taja jina zima. Nilimjibu kwamba bibi zetu walijua hayo bila umeme. Kwao ukisema jina lako tu, unaulizwa: wa nani, wa kilima gani? Hadi ujibu, wewe bado si mtu.

Wateja hawakuwa na subira hiyo. Waliandika posta, wakalipa, wakaondoka.

Asubuhi moja nilifungua sanduku la barua la mama yangu. Mama ni msichana wa pili kwao, na sanduku lake lilibeba jina hilo. Barua ilikuwa fupi: Mama, jikaze. Mzaliwa wako wa kwanza amepigwa risasi njia ya Lubero, katika gari la maharage. Tumemzika hukohuko. Kaka yangu mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama, alikuwa amekwenda Lubero kununua maharage. Niliichapa karatasi ile, nikaenda nayo nyumbani, na njia nzima sikumsalimu mtu.

Kilio kikaanza. Moto ukawashwa uani, wanaume wakakalia viti vya kuazima, wanawake wakakaa chini wakiimba nyimbo za kanisa. Mama hakutoa chozi. Nilimkasirikia, Mungu anisamehe; nilitaka alie ili na mimi nipate kulia.

Watu walikuwa wengi kiasi kwamba wengine hatukuwafahamu. Ndiyo sababu kaka yangu aliposhuka kwenye pikipiki, amejaa matope hadi masikioni, hakuna aliyemjua pale mlangoni.

"Ni nani alikufa?" akauliza.

Mzee mmoja wa mtaa wa pili akamtajia jina: jina la kaka mwenyewe.

"Aa, ndoyi yangu," akasema kaka, maana ndoyi kwetu ni mtu mwenye jina kama lako. Akavua kofia, akavuta kiti, akakaa kujililia. Alifikiri ni mzaliwa wa kwanza wa mjomba. Shangazi ndiye aliyempelekea chai, akamtazama usoni, na birika lote likamwagika. Tulipiga kelele, tulicheka, tulimpapasa kama kuku wa kununua. Mama ndipo alipolia.

Kisha kaka akaomba karatasi aione. Aliisoma, na kicheko kikamkauka. Gari lile alilijua. Yeye alibaki nyuma kungojea magunia yake. Aliyepanda alikuwa rafiki yake wa biashara, kijana wa Bungulu, mzaliwa wa kwanza kama yeye, waliyekuwa wakiitana ndoyi kila siku.

Nikakimbilia dukani kutazama anwani. Iliandikwa jina la msichana wa pili, kisha posta, basi. Aliyeiandika alikaa kwetu Butembo akimwandikia mama wa Beni, na kompyuta ikachukua posta iliyo jirani. Katika posta ya Bungulu nako kulikuwa na mama mwenye jina la msichana wa pili.

Tajiri akaniambia niandike anwani yote, nitume, tumalize. Nikaiandika yote, neno kwa neno, nikijua safari hii itafika. Mama, aliyekuwa amenifuata, akanishika mkono.

"Hapana. Ile neno haiwezi kumukuta peke yake."

Akaenda kwenye fonie, redio ya parokia ya kuongea na watu wa mbali, akaomba mama yule wa Bungulu aitwe. Kaka alisimama kando yake akimnong'oneza alichokijua.

"Mama, miye pia niko musichana wa pili," mama akaanza. "Niko na neno ya kilio. Mwana yako wa kwanza alienda Lubero? À vous." Kwenye fonie anayemaliza kusema hutaja à vous, yaani zamu yako.

"Ndiyo. Lakini bazaliwa ba kwanza benye balienda Lubero beko benji. À vous."

"Baba yake alikuwaka fundi wa kushona. À vous."

"Bafundi ba kushona beko benji mu Beni. À vous."

"Nyumba iko nyuma ya moulin ya kusaga bunga, mu Bungulu. À vous."

"Kule nyuma kuko manyumba tatu." Sauti ilikuwa imeshuka. "À vous."

Mama akamgeukia kaka. Kaka hakutaka kusema, kisha akasema. Mama akafumba macho.

"Ni ule mwana anakuitaka kila siku 'bibi-arusi'."

Hakusema à vous. Redio ikavuma, mtunza fonie akainua mkono kutaka kuigusa, kaka akamzuia.

"Na mwana yako, mama," sauti ya Bungulu ikauliza, "yeye eko muzima?"

"Eko muzima. Eko hapa."

"Umuchunge muzuri."

Kaka akachukua kifaa mkononi mwa mama, akakisogeza mdomoni.

"Ndiyo, mama," akasema.