Pikapu Iliyowashwa kutoka Barazani

Kabla ya kiharusi cha baba, hakuna aliyeiwasha asubuhi pikapu ya nyumbani kwetu Tororo isipokuwa yeye. Kuiendesha tuliruhusiwa. Kaka yangu mkubwa alikuwa akienda nayo Bulumbi kuchukua nyanya na vitunguu, na mdogo wetu wa kike aliisogeza uani tangu miguu yake ilipoanza kufika kwenye klachi. Lakini mtu wa kwanza kuugusa ufunguo kila asubuhi alikuwa baba. Alirudi kutoka msikitini, akaweka kofia yake juu ya dashibodi, akazungusha ufunguo nusu, akasoma sura ya Kulhuwallahu kwa sauti ya chini, kisha akapiga stata. Injini ilishika hapo hapo. Akashuka kuja kunywa chai, na pikapu ikawa ya yeyote mwenye safari.

Alikuwa na neno lake alilopenda kuwaambia wageni: "Siku nitakaposhindwa kuiwasha, iuzeni." Alilisema kwa majivuno ya mtu asiyeitarajia siku hiyo.

Siku hiyo ikaja. Kiharusi kilichukua mkono wake wa kulia, kikamwachia mguu wa kuburuta, na maneno yakawa yanatoka moja moja, kila moja likisubiri lililotangulia lifike. Kupanda kwenye kiti cha dereva hakuweza tena. Ufunguo ukahamia mfukoni mwa kaka.

Kaka yangu si mtu mbaya, na kazi yangu ya kukusanya habari za mpakani kwa ajili ya redio imenifundisha kusikiliza pande zote. Alikuwa na wateja wanaomsubiri na gari la zamani la dizeli lisilopenda baridi. Aliingia, akazungusha ufunguo moja kwa moja hadi mwisho, injini ikakohoa moshi mweupe na kugoma. Alipochoka kubembeleza alilowesha kitambaa kwa petroli, akakiweka kwenye mdomo wa kuvutia hewa, akapiga tena. Hapo injini ilishika kwa kishindo, kama mtu anayegonga chuma kwa nyundo. Baba alikuwa barazani kwenye kiti chake. Hospitalini sikumwona akilia hata mara moja. Siku ya kitambaa nilimwona akigeuza uso ukutani.

Baada ya miezi kadhaa kaka alipata mnunuzi wa Malaba. Alikuja kumweleza baba kwa adabu, akachuchumaa mbele yake, akamkumbusha neno lake mwenyewe. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

"Neno langu," alisema, "ni langu."

Wakakubaliana mnunuzi aje Jumamosi asubuhi.

Mdogo wetu ni fundi wa waya za magari katika gereji moja ya Busia, upande wa Kenya. Alipopigiwa simu kuhusu mnunuzi hakubishana. Alikuja siku tatu kabla ya Jumamosi akiwa na boksi dogo jeusi, rimoti ya vitufe viwili na mkoba wa vyombo vyake. Kaka alimuuliza anatengeneza nini kwenye gari linaloondoka.

"Baba alisema akishindwa kuiwasha," alimjibu. "Hakusema akishindwa kuipanda."

Nilikaa naye uani nikimuuliza maswali, kama ninavyofanya kazini. Alinieleza huku kichwa chake kikiwa chini ya usukani. Ufunguo, alisema, hauwashi gari. Ufunguo ni mlango wa umeme tu. Ukiuzungusha nusu, umeme wa betri unafika kwenye taa za dashibodi na, kwa gari la dizeli, kwenye plagi za joto zilizochomekwa kichwani mwa injini. Ukiuzungusha hadi mwisho, umeme mwingi unakwenda kwenye stata. Stata inasukuma nje gia yake ndogo, inang'ata meno ya gurudumu kubwa la nyuma ya injini, na kuizungusha kwa nguvu. Pistoni zinabana hewa mpaka inakuwa moto, dizeli inarushwa ndani na kuwaka yenyewe bila cheche. Injini ikishika, unaachia ufunguo, na ile gia ndogo inarudi nyumbani kwake.

"Na boksi?"

"Boksi ni mkono," alisema. "Litafanya kile ulichokuwa unafanya mkono wa baba. Likisikia chaji imepanda linajua injini imeshika, linaiachia stata."

Kaka, aliyekuwa ameegemea mlango akijifanya hasikilizi, alileta hoja ambayo mimi nisingeifikiria. Breki ya mkono ya pikapu ilikuwa imelegea tangu zamani. Sote tuliiegesha kwa namna ile ile: gia ya kwanza na jiwe nyuma ya tairi. Ndivyo inavyoegeshwa nusu ya magari ya mji huu. Sasa mtu akibonyeza rimoti gari likiwa kwenye gia, stata italirusha mbele, na mbele ya pikapu yetu kulikuwa na jiko la mama.

Mdogo wetu alikiri kwamba kaka amesema kweli. Siku nzima ya kwanza hakuligusa boksi. Alibadilisha kebo ya breki ya mkono. Kesho yake akafunga boksi, na swichi kwenye breki hiyo na chini ya mti wa gia, ili boksi likatae kupiga stata kama breki haijavutwa au gia haijatolewa ikawa fri. Jioni alimwita kaka ajaribu mwenyewe. Kaka akaiweka gia ya kwanza kwa makusudi, akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena, akaangalia jiko la mama, akamrudishia rimoti.

Asubuhi ya Ijumaa palikuwa na baridi ya mvua ya usiku. Tulimpa baba rimoti katika mkono wa kushoto, akabonyeza kwa kidole gumba. Stata ilizunguka papo hapo, injini ikakohoa, moshi mweupe ukatanda uani, kimya. Akabonyeza tena, ikawa vile vile.

"Haijasomewa," baba alisema.

Kaka alimwambia taratibu kwamba boksi la umeme halisomewi. Mimi pia nilidhani ni ugonjwa unaosema. Mdogo wetu peke yake ndiye aliyesimama akimtazama baba kama fundi anavyotazama waya aliokuwa ameupita bila kuuona.

"Baba, ulikuwa unasoma ufunguo ukiwa wapi?"

"Nusu."

"Mpaka taa gani izimike?"

Baba alinyoosha kidole gumba kuelekea dashibodi, kwenye alama ndogo ya waya uliojikunja. Nilikuwa nimepanda gari lile tangu utotoni na sikuwahi kujua ile taa ni ya nini. Ni taa ya plagi za joto. Huwaka wakati plagi zinapashwa, na huzimika zikiwa tayari. Tena, baba alieleza neno kwa neno, ile taa ilikuwa imekufa miaka mingi. Alipoona haitawaka tena, alikuwa ameshajua kwamba plagi zinaiva kwa muda wa sura moja, ikisomwa bila haraka. Bosi aliyemfundisha kazi ya dereva alikuwa na wimbo wake wa kusubiria. Baba akaona sura ni bora kuliko wimbo.

Kwa hiyo miaka yote ile, alipokuwa akisoma, alikuwa akisali na akipasha injini kwa wakati mmoja. Kaka alishika kichwa. Ilimjia, alituambia baadaye, kwamba hakuwahi kukosea njia wala mzigo wala bei. Alichokuwa amekosa ni kusubiri.

Boksi lilikuwa limepangiwa magari ya petroli, ambayo hayasubiri. Mdogo wetu akachomeka rilei, swichi ya umeme ya kuchelewesha stata, yenye skurubu ndogo: ukiikaza muda unarefuka, ukiilegeza unafupika. Akaingia ndani ya pikapu na bisibisi, baba akabaki barazani.

"Soma, baba. Kwa sauti."

Baba alisoma. Ulimi wake mpya ulikuwa mzito, na sura fupi ikawa ndefu. Alipofika mwisho stata ilikuwa imeshapiga zamani. Mdogo wetu akakaza skurubu, akamwomba arudie. Nikamnong'oneza kwamba baba wa zamani alikuwa akisoma upesi zaidi ya hapo, asije akapanga muda mrefu mno.

"Plagi nazo zimezeeka," alisema. "Zinataka msomaji wa pole. Hawa wawili wataelewana."

Baba alisoma tena na tena mpaka mlio wa stata ukaangukia nyuma ya neno la mwisho. Tulizima, tukaiacha pikapu ipoe.

Jumamosi ukungu ulikuwa bado umeufunika mwamba wa Tororo mnunuzi alipofika. Alikuwa mtu aliyejua magari. Kabla ya kusalimia sawasawa aliweka kiganja juu ya boneti, kuhakikisha hatukuipasha kabla hajaja.

"Mzee, mimi nataka sikia moto yake ikiwa baridi," alisema. "Gari ya dizeli inasema ukweli asubuhi tu."

Akanyoosha mkono kwa kaka apewe ufunguo. Kaka akamwelekeza barazani kwa kidevu.

Baba alibonyeza. Ndani ya pikapu kitu kikalia tiki, na taa za dashibodi zikawaka bila mtu. Mnunuzi akarudi nyuma hatua moja. Baba akaanza kusoma, polepole, macho yakiwa kwenye boneti. Mama alitoka jikoni na kusimama na mwiko mkononi. Mdogo wetu aliangalia chini. Kwa jinsi ninavyomjua, alikuwa akisoma pamoja naye. Neno la mwisho lilipotoka, stata ikapiga, injini ikashika, bila kishindo, bila moshi wa kuzungumzia, ikatulia katika ule mngurumo niliokuwa nikiamshwa nao nikiwa mtoto.

Mnunuzi alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Akazunguka gari, akarudi, akamwambia kaka kwamba sasa ataongeza bei. Kaka alimtazama baba.

"Nani ameiwasha?" baba aliuliza.

"Wewe, baba," kaka alisema.

"Basi mwambie mgeni aje anywe chai."

Mnunuzi alikunywa, hakukasirika, na kabla ya kuondoka alimwomba mdogo wetu namba ya gereji. Kaka bado anapeleka pikapu Bulumbi. Kila asubuhi huweka matenga yake nyuma, anahakikisha gia iko fri na breki imevutwa, kisha anasimama kando ya mlango, mikono nyuma, akingoja upande wa barazani umalize.