Sabuni ya Kiwiko

Jirani yetu mmoja ni fundi hospitalini. Hutengeneza vile vifaa vya sabuni vinavyofungwa ukutani. Wenzake wamembandika jina la Bonyeza, naye huitika huku akicheka.

Alipopata binti, furaha ilijaa nyumbani, ila mama mzazi wa Bonyeza ndiye aliyekuwa na mtihani. Kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono wa kulia mzito. Na ni bibi huyohuyo aliyeweka sheria ya nyumba tangu zamani: hashiki kichanga mtu ambaye hajanawa mwenyewe kwa sabuni. Sasa kipande cha sabuni kinamponyoka, na chupa ya kubonyeza inamkimbia. Mkwewe alipoomba amnawishe, akakataa katakata. Akabaki kumsifia mjukuu pua kwa mbali.

Basi Bonyeza akakumbuka chumba cha upasuaji. Kule madaktari husukuma wenzo mrefu wa kifaa cha sabuni kwa kiwiko. Akaomba kazini kifaa kibovu cha namna hiyo, akapewa, akakifungua mezani. Ndani hamna uchawi, wenzangu: springi, mrija na vigololi viwili. Ukibonyeza, kigololi cha chini kinaziba, cha juu kinaachia, sabuni inatoka kwa kipimo kilekile. Ukiachilia, springi inarudi juu, vigololi vinabadilishana zamu, sabuni nyingine inapanda. Kigololi kimoja kilikuwa kimegandwa na sabuni kavu. Akakiloweka maji ya moto, kikalegea.

Akakifunga juu ya sinki, akamwita mama kwa mbwembwe. Kumbe amekifunga kwa kimo cha madaktari wake! Bibi akainua macho, akamgeukia.

“Mwanangu, hiki umemfungia twiga?”

Mke wa Bonyeza akacheka hadi akashikilia mlango. Fundi akafungua skrubu, akakishusha usawa wa kiuno.

Bibi akalaza kiwiko cha kulia juu ya wenzo. Uzito uleule uliokuwa ukimkera ukausukuma chini, taratibu, sabuni ikadondoka kwenye kiganja cha kushoto. Akaunawa mkono mmoja kwa mwingine, asiharakishe, kisha akaketi na kusema, “Haya, nileteeni mtu wangu.”

Wakampakatisha. Mtoto akamtazama, akatulia, akamkojolea.

“Mama, nikusaidie?” mkwewe akauliza.

“Mshike huyu tu,” bibi akasema, akielekea sinki kiwiko kikiwa tayari hewani.