Evalina na ruta iliyopimwa kama ng'ombe wa plau

Haya aliyasimulia Evalina Kwandu mwenyewe, Jumanne iliyopita, akimenya viazi barazani kwake Bariadi mjini.

Saa nne asubuhi, Alhamisi. Evalina yuko katika duka la Januarius jijini Mwanza, mkoba kaukumbatia. Ndani mna shilingi milioni mbili na nusu, za kununulia ruta moja tu, mashine ya kugawa intaneti. Mbele yake ziko mbili, nzito kama masanduku ya shule, zilizostaafishwa na makampuni ya simu. Moja inang'aa. Nyingine ina vumbi, na imebonyea ubavuni.

Evalina huuza intaneti kwa nyumba na maduka 160. Ruta yake ndogo imezidiwa. Ikifika jioni, intaneti inatambaa. Wateja wamempa mpaka Jumatatu, kisha wanahama.

"Mpya ya ukubwa huo siiwezi hata nikiuza nyumba," anasema. "Mwaka jana nilinunua iliyotumika kwa kuona picha. Ilikaa siku nne."

Ndiyo maana safari hii kafuatana na baba yake mdogo, mzee Shigela wa Ngulyati, mchuuzi wa ng'ombe ambaye intaneti huisikia tu.

"Chukua hii, dada," Januarius anasema, akiipiga kofi inayong'aa. "Inawaka, unaona mwenyewe."

"Hata kibiriti kinawaka," Shigela anasema. "Mayu," anamwita Evalina, yaani mama kwa Kisukuma, "hizi nyaya mbili za nyuma ni za nini?"

"Za umeme, baba. Upande mmoja ukifa, wa pili unabeba mzigo."

"Kumbe ni ng'ombe wa plau, wawili wawili. Sisi hatulipi mpaka wafungwe nira walime tukiona. Haya, mfungue mmoja."

Januarius anacheka. "Mzee, wanunuzi wangu hawaombi hayo."

"Wanunuzi wako wana hela za kuchezea."

Evalina anachomoa waya wa kulia wa ile inayong'aa. Ruta inaendelea. Anaurudisha, anachomoa wa kushoto. Taa zote zinazimika.

Januarius anajikuna kisogo. "Kweli sikujua."

"Mmoja alikuwa anamburuta mwenzake," Shigela anasema, bila ubaya.

Ile yenye vumbi inachomolewa kulia, kisha kushoto. Haistuki. Mzee bado haridhiki. Inaachwa kazini mpaka saa kumi jioni, naye kakaa kitini kando, akiigusa mgongo kama anapima homa. Januarius anawaletea chai.

"Mkikaa mpaka kesho nawatoza kodi ya chumba," anasema.

Evalina analipia ile yenye vumbi. Jumapili inafungwa nyumbani kwake Bariadi: waya mmoja kwenye umeme, mwingine kwenye betri za sola. Jumatatu saa moja jioni, wateja wote wakiwa mtandaoni, nyumba inaingia giza. Kwa pilikapilika, Evalina kasahau kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Anakimbilia kwenye ruta. Taa zake zinacheza kama kawaida.

Simu inaita. Ni Milembe, mwenye saluni.

"Mayu, leo umefanyaje? Filamu haikwami. Tulishapanga kukuhama."

"Na sasa?"

"Sasa nataka na ya nyumbani."

Pamba ikishavunwa na watu wakapata hela, Evalina anataka kusimika mnara mdogo wa intaneti Ngulyati.

"Hapo ndipo utanionyesha bei za minada," anasema Shigela, ambaye bado yuko kwake, na kabla hajajibiwa anakoroma kwenye kochi.

Evalina anasubiri malalamiko ya jioni. Nusu saa, simu haiiti. Anaingiwa na wasiwasi, anachukua simu ya mzee na kujipigia, aone kama yake ni nzima. Yake inaita vizuri. Anaikata, anajilaza mkekani, na usingizi unamchukua simu ikiwa bado mkononi.